Mgonjwa "ameimarika" au hali yake "imetulia"?

Swali: Mimi ni muuguzi. Madaktari wetu husema wamefanikiwa "ku-stabilize" mgonjwa. Nikitoka wodini ndugu zake wananizunguka wakitaka habari. Je, niwaambie ameimarika?

Jibu: Hapana, usiwaambie hivyo. Kitenzi hicho cha Kiingereza, stabilize, kinasema jambo moja tu: kilichokuwa kikiyumba kimeacha kuyumba. Hakisemi kama kimetua pazuri au pabaya. Majeruhi wa ajali akizuiwa damu isiendelee kumtoka, presha na mapigo ya moyo yakashikilia palepale, daktari atalitumia neno hilo hata kama mtu mwenyewe hajitambui. Kuimarika ni kupata nguvu. Ndugu wakisikia "ameimarika" watakimbilia nyumbani kumpikia uji.

Waambie: "Hali yake imetulia kwa sasa, haizidi kuwa mbaya, ila bado ni mahututi." Ni maneno mengi kuliko kitenzi kimoja, na yaache yawe mengi, wanaongoja nje ya wodi wanastahili kuelewa. "Ametengemaa" nalo liweke kando. Aliyetengemaa amekaa sawa, mambo yake yamenyooka. Tena Tanzania utengamao, neno la ukoo huohuo, ndilo jina la huduma za kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, kama vile mazoezi ya viungo. Mgonjwa wako hajafika huko.

Kosa hilohilo limejaa kwenye habari za uchumi, na huko linaniuma zaidi kwa sababu linarudiwa kila siku. Shilingi isipopanda wala kushuka mbele ya dola, imetulia. Ikiimarika, dola moja inanunuliwa kwa shilingi chache kuliko jana. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo nje ya nchi anapanga mambo yake kwa kufuata tofauti hiyo. Vivyo hivyo benki kuu inapopambana na mfumuko wa bei, inachotafuta ni utulivu wa bei.

Sifa "thabiti" inafaa pia: bei thabiti, serikali thabiti. Lakini kitenzi chake kimeshahama. Kuthibitisha leo ni kuonyesha kwamba jambo ni la kweli, kwa hiyo atakayekwambia "tunathibitisha bei" utaelewa anahakikisha kwamba bei ndiyo hiyo.

Kwa vitu vya kushikika hakuna shida: meza inayocheza ishikize kwa kipande cha ubao, na jahazi lisilo na shehena litie farumi, yaani vitu vizito vya kulituliza, lisipinduke.