Usiwe Shujaa wa Idara ya TEHAMA

Karibu kila ofisi niliyofanya kazi ilikuwa na mtu mmoja aliyebeba mifumo yote kichwani mwake. Yeye ndiye aliyejua nenosiri la seva ya zamani ambayo wengine waliogopa kuigusa, yeye ndiye aliyepigiwa simu usiku wa manane, na mfumo ulipogoma watu hawakuuliza tatizo ni nini, waliuliza yuko wapi. Mabosi walimsifu hadharani na vijana waliotoka chuoni walitamani kufika alipofika. Ushauri wangu kwa kijana anayeingia katika taaluma hii ni kwamba asitamani cheo hicho. Nimefanya kazi na mashujaa wa namna hiyo kwa miaka mingi, na kwa kipindi fulani nami nilihesabiwa miongoni mwao, na nimeridhika kwamba panapohitajika shujaa kila wiki kuna kazi ya kawaida ambayo haikufanywa na mtu fulani, au haikuruhusiwa kufanywa.

Chanzo cha tatizo ni kwamba kazi bora ya TEHAMA haionekani. Fikiria yaliyotokea mwaka 2000. Programu nyingi za miongo iliyotangulia zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhia data ilikuwa ghali, na hivyo kulikuwa na hatari ya kompyuta kuusoma mwaka 2000 kama 1900. Wataalamu katika nchi nyingi waliitumia miaka ya mwisho ya karne kupekua msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, wa mabenki, mashirika ya simu na taasisi za serikali, mstari kwa mstari, wakirekebisha tarehe. Januari 1, 2000 ilipofika, yaliyotokea yalikuwa matatizo madogo madogo, na kuanzia siku hiyo hadi leo wapo wanaosimulia kwamba habari nzima ilitiwa chumvi. Watu hao wangetoa shukrani nyingi zaidi kama mabenki yangefungwa kwa wiki moja, kisha wataalamu wale wale wakayafungua. Sasa kuna tarehe nyingine inayokuja: mifumo inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa kutumia namba ya biti 32 itafika mwisho wa hesabu yake Januari 19, 2038. Wapo wanaolishughulikia jambo hilo hivi sasa, na sitarajii washangiliwe.

Kila mtu anaujua usemi wa ufa na ukuta, lakini bajeti nyingi nilizowahi kuziona zilitengwa kwa ajili ya ukuta. Meneja anayeona fundi akihangaika usiku kucha hadi huduma inarudi ameona kazi kwa macho yake. Akimwona fundi mwingine ambaye mifumo yake haijagoma tangu mwaka uanze, na ambaye anaondoka ofisini saa za kawaida, huenda akajiuliza mtu huyu analipwa kwa ajili ya nini. Tuzo ikienda kwa wa kwanza, kila mfanyakazi mwenye akili atajifunza somo alilofundishwa.

Shujaa hutengenezwa polepole, na mara nyingi bila nia mbaya ya mtu yeyote. Mahali fulani nilipofanya kazi, malipo ya mishahara yalipitia programu ndogo iliyokuwa kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja, chini ya meza yake. Kila mwisho wa mwezi alibadilisha jina la faili moja kwa mkono ili programu ilitambue, kisha akaiacha ijiendeshe. Hakuna mahali popote alipoliandika jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Alipokwenda likizo mishahara ikachelewa, vikao vikaitishwa, na aliporudi alipokewa kama mwokozi. Nilipopendekeza kwamba aandike hatua zake katika ukurasa mmoja, kuna aliyesema tusimsumbue kwa sababu ana kazi nyingi. Aliuandika, hata hivyo, kwa muda mfupi kuliko kikao chochote kati ya vile tulivyokaa, na mwezi uliofuata mfanyakazi mpya aliliendesha zoezi lile peke yake.

Kuna wanaodhani kwamba mambo ya namna hiyo ni ya ofisi ndogo zisizo na utaratibu. Knight Capital ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za biashara ya hisa nchini Marekani. Agosti 1, 2012, programu yake mpya ilianza kutumika huku fundi mmoja akiwa ameiweka kwenye seva saba na kuiacha ya nane na msimbo wa zamani. Seva hiyo ya nane ikaanza kumwaga oda sokoni bila kukoma, na kwa muda wa takribani dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Wasimamizi wa masoko ya mitaji walipochunguza walikuta kwamba hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki kazi ya yule wa kwanza, wala utaratibu wa maandishi uliotaka uhakiki huo. Walikuta pia kwamba kabla ya soko kufunguliwa mfumo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu hiyo, na hakuna aliyezifanyia kazi. Jambo hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu nimeona masanduku mengi ya barua pepe yaliyofurika arifa za mitambo ambazo watu wamezoea kuzifuta bila kuzisoma. Arifa ambayo haimtaki mtu afanye lolote izimwe, ili ile inayomtaka afanye kitu ionekane.

Mfano wa pili unahusu uchovu, na kwangu mimi una uzito kuliko ule wa fedha. XZ Utils ni programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ya kubana data inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye seva nyingi. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja aliyejitolea bila malipo, ambaye alisema waziwazi kwamba uwezo wake wa kuishughulikia ulikuwa umepungua. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kazi kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya utunzaji, na mwaka 2024 akapenyeza ndani ya matoleo mawili mlango wa siri ambao ungewawezesha wadukuzi kuingia kwenye seva za watu. Mlango huo uligunduliwa mwezi Machi mwaka huo na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kulikuwa kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Msomaji anaweza kusema kwamba huyo naye ni shujaa, na ni kweli. Lakini udadisi wa mtu mmoja ni bahati, na aliyeuandaa mpango ule alikuwa ametegemea kitu cha uhakika zaidi: kwamba mtu aliyeachiwa mzigo peke yake atampokea kwa mikono miwili yeyote anayejitolea kumsaidia kuubeba.

Basi afanye nini aliyekwisha kuwa shujaa, au anayeona anaelekea huko? Aanze kwa kuandika, na aandike wakati anafanya kazi yenyewe, kwa sababu anayengoja apate nafasi hataandika kamwe. Maelekezo yaandikwe kwa ajili ya mtu aliyeamshwa usingizini: mfumo uko wapi, amri ipi iandikwe, utajuaje kwamba imefanikiwa, na nani apigiwe simu ikishindikana. Historia ya mfumo na sababu za kuchagua teknolojia hii badala ya ile zina mahali pake, lakini pasiwe kwenye ukurasa huo. Ukimaliza, mpe mwenzako mgeni kuliko wote aufuate huku wewe ukikaa kando bila kusema neno. Kila mahali utakapotamani kufungua mdomo pana sentensi iliyosahaulika. Kisha nenda likizo ya kweli, simu ikiwa imezimwa, na ukirudi usiulize nani alikukosa. Uliza ni kitu gani walikitafuta kwenye maandishi wasikipate.

Baada ya hapo ashughulikie nakala rudufu, zile ambazo kazini tumezoea kuziita bakapu. Kila ofisi itakuambia inazo. Ninapofika mahali papya huwa naliacha swali hilo na kuuliza jingine: mara ya mwisho mlirejesha data kutoka kwenye nakala hizo lini, na ilichukua saa ngapi? Kimya kinachofuata ni cha kawaida sana. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu msimbo wao mtandaoni, aliyekuwa akifanya kazi usiku alifuta data kwenye hifadhidata iliyokuwa ikitumika, akidhani yuko kwenye seva ya pili. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili na kuhifadhi data, na ikagundulika kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Iliyowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono takribani saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Ninawasifu kwa jambo moja: walieleza tukio lote hadharani, hatua kwa hatua, na walijadili taratibu zilizoruhusu jambo hilo litokee bila kumtoa kafara yule mhandisi. Mahali ambapo aliyekosea hufokewa, kosa linalofuata hufichwa. Hali ni hiyo hiyo kwa mtumiaji wa kawaida aliyebofya kiungo kibaya kwenye barua pepe. Kama amezoea kuchekwa na watu wa TEHAMA atanyamaza hadi jioni, na kwa mdukuzi saa hizo ni nyingi mno.

Kuhusu mabosi nitasema kwa kifupi, kwa sababu wanatofautiana. Usiwaambie kwamba mfumo ni wa zamani. Waambie ukigoma ni wateja wangapi hawatahudumiwa, kwa muda gani, na kwa gharama ipi, halafu uwape bei ya kuuzuia usigome. Kila mwezi andika ripoti fupi ya mambo yaliyozuiwa: vyeti vya usalama vya tovuti vilivyohuishwa kabla ya kuisha muda, diski iliyobadilishwa ikiwa bado inafanya kazi, nakala zilizorejeshwa kwa majaribio zikafunguka. Wengine hawatasikiliza. Andika hata hivyo, kwa barua pepe fupi isiyo na hasira, uihifadhi. Na mradi ukichelewa, jiandae kuwaeleza kwa upole kwamba kuongeza watu hakutausogeza mbele upesi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alilieleza hilo mwaka 1975: kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wanaokuja wanahitaji kufundishwa na wale wale waliokwisha kuzidiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini vidole viungane kabla ya tarehe ya mwisho kukaribia.

Swali ninaloulizwa sana ni kuhusu akili mnemba. Ninaitumia kila siku, hunipunguzia kazi ya kuchosha, na sioni sababu ya kuikataa. Hofu yangu ni moja tu, kwamba imeanza kutuletea msimbo ambao hata aliyeuwasilisha hawezi kuueleza. Shujaa wa zamani angalau ungeweza kumpigia simu. Kwenye timu yangu kanuni ni kwamba anayewasilisha msimbo lazima aweze kuufafanua mbele ya mwenzake, haidhuru uliandikwa na nani au na nini.

Wapo watakaoniambia kwamba nikifundisha kila ninachojua nitakuwa nimejifukuzisha kazi. Hofu hiyo siibezi, maana kuna waajiri wanaopunguza watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini katika niliowaona, waliong'ang'ania maarifa yao walikwama hapo hapo walipokuwa: nafasi ya juu ilipotokea wakaambiwa hawawezi kuondolewa kwenye mfumo ule, na mfumo wenyewe ulipobadilishwa maarifa yao yakaondoka nao. Waliofundisha wengine walipandishwa vyeo, au waliondoka wakiwa na barua nzuri za utambulisho na wenzao wanaowapigia simu hadi leo kuwaarifu nafasi za kazi.

Unapokwenda kwenye usaili, kumbuka kwamba nawe unawasaili wao. Waulize wahandisi wao hutumia sehemu gani ya muda kushughulikia matukio na kazi za kujirudiarudia. Google iliwawekea wahandisi wake wa uthabiti wa mifumo kikomo cha asilimia 50, ili nusu inayobaki itumike kuboresha mifumo yenyewe. Ofisi nyingi haziwezi kufika hapo, lakini inayojua kiwango chake ni bora kuliko isiyowahi kukipima. Kisha waulize mfumo wao mkubwa uligoma lini mara ya mwisho, na nini kilibadilishwa baada ya hapo. Niliwahi kuikataa nafasi yenye mshahara mzuri kwa sababu jibu la swali hilo lilikuwa jina la mtu aliyefukuzwa.