Jibu: Kanisa la Wareno Malindi, la 1498 au la 1542?

Salaam ndugu. Umeuliza kanisa la kale la Wareno hapa Malindi, pwani ya Kenya, ni la 1498 au la 1542. Umekwama kwa sababu kila anayekutembeza anakupa mwaka wake. Mimi pia lilinichanganya nilipokuwa nikimsaidia binti yangu na kazi ya shule, mpaka nikagundua watu wanachanganya vitu viwili.

Kwanza angalia unauliza kuhusu jengo lipi. Mwaka 1498 ni wa Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika hapa, na ukumbusho wake ni ile nguzo ya matumbawe yenye msalaba, kule kwenye rasi. Hiyo si kanisa. Kanisa ni kile kijumba cha makuti karibu na bahari, chenye makaburi uani. Kinatajwa pamoja na Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki aliyepita Malindi 1542 akielekea Goa, India. Barua yake mwenyewe inasema walimzika hapa mtu aliyefia safarini, na Waislamu wa mji walipendezwa na namna ya mazishi yale. (Kisa hicho waelekezi hukiruka, sijui kwa nini, na ndicho kitamu.)

Kuhusu ule mwanya mkubwa kati ya kanisa lile na parokia za leo: Wareno walianza kujenga Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa, 1593, wakahamia Mombasa, hata sultani wa Malindi akawafuata. Mji ukadorora. Kwa hiyo usitafute mstari mmoja kutoka kijumba kile hadi parokia za leo, haupo. Jimbo Katoliki la Malindi lenyewe ni la 2000 tu, lilimegwa kutoka Mombasa, na Lamu imo ndani yake.

Ukienda, nenda asubuhi, jua la pale halina huruma.