Siku skauti aliponiuliza habari za kijana wa jezi

Nilipokuwa nasoma Marekani ada ilinibana, nikaomba kazi palepale chuoni. Nikapangiwa chumba cha kufulia cha timu ya futiboli, ile yao ya helmeti na mabega ya plastiki. Kila jioni baada ya mazoezi wachezaji walileta mifuko ya wavu yenye soksi, taulo na fulana, kila mfuko na namba yake. Wengi waliutupa mlangoni na kwenda zao. Kulikuwa na mmoja, mkimbiza mpira mwenye kipaji cha kutisha, ambaye aliufunga wake vizuri, akauweka juu ya meza na kunisalimia "Mambo", neno nililomfundisha mwenyewe. Namjibu "Poa", anacheka. Nilimpenda sana yule kijana.

Mwaka wake wa mwisho akaja skauti, yaani msaka vipaji, wa timu moja ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Ukiangalia kwa mbali unadhani maskauti kazi yao ni kutazama video na kupima mbio. Wanawauliza pia wahudumu wa matibabu, wapishi, wasimamizi wa mabweni, na watu wa jezi kama mimi. Wana sababu. Kocha anataka mchezaji wake achukuliwe, wakala anataka fungu lake, na yale mahojiano rasmi ya Indianapolis, vijana wanakopimwa kabla ya drafti, yaani zoezi la timu za NFL kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, hayafiki nusu saa. Kijana aliyekaririshwa majibu anaweza kuwa malaika kwa dakika hizo.

"Yukoje huyu?" akaniuliza. Nikasema ana adabu, anaheshimu kila mtu. Akauliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua. Nikasema hakuna.

Lilikuwepo. Wiki chache kabla, usiku, nikitoa taka nyuma ya jengo, nilimkuta kwenye maegesho amemkaba msichana wake mkono, amembana kwenye mlango wa gari. Msichana hakupiga kelele. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimemtoka, kimelala pembeni ya gurudumu. Kijana aliponiona alimwachia, akanipungia mkono kama kawaida. Nami nikarudi ndani kukunja taulo.

Alichaguliwa siku ya tatu ya drafti. Haukupita muda mrefu nikasoma kwamba amekamatwa kwa kumpiga mwanamke, na timu imemtema.

Kwa hiyo kila Aprili, ndugu zangu mnaofuatilia drafti mkianza kubishana kwamba fulani ana kipaji lakini ana "matatizo ya tabia", naomba kwanza muulize: nani aliumia? Neno hilo wanalitumia kama kapu, humo wamo mvuta bangi, mchelewaji wa mazoezi, mwenye mdomo mrefu na mpiga wanawake, wote pamoja. Mwaka 1995 Warren Sapp aliporomoka hadi chaguo la 12 kwa habari za bangi. Leo yumo kwenye jumba la magwiji wa mchezo. Mwaka 2016 Laremy Tunsil aliporomoka hadi la 13 kwa sababu, dakika chache kabla ya drafti kuanza, akaunti yake ya Twitter ilirusha video yake akivuta kwa kinyago cha gesi. Amekuwa mmoja wa walinzi bora wa kushoto kwenye ligi, wale wanaomkinga mrusha mpira. Hakuna aliyelala hospitali kwa makosa hayo.

Sasa mtazame Lawrence Phillips, mkimbiza mpira wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Mwaka 1995 alimshambulia aliyekuwa mpenzi wake. Alisimamishwa, akarudishwa uwanjani msimu uleule, na fainali ya ubingwa Nebraska ikashinda 62 kwa 24. Timu ya Rams ya NFL wakamchukua wa sita kwenye drafti ya 1996, wakamuuza mkimbiza mpira wao Jerome Bettis kumpisha. Novemba 1997 walimfukuza. Alifia gerezani Januari 2016. Yadi alizokimbia fainali ile ziliwafanya watu wazima wengi waache kuuliza habari za yule msichana. Ninawaelewa, maana nami nilinyamazishwa na mfuko wa soksi uliofungwa vizuri.

Wengine watasema mbona mkimbiza mpira Joe Mixon, aliyempiga mwanamke ngumi mwaka 2014 mbele ya kamera, alichaguliwa wa 48 mwaka 2017 na amekimbia zaidi ya yadi 1,000 misimu kadhaa. Ni kweli. Lakini yadi hazijibu kama timu ilifanya sawa siku ile. Kinachojibu ni kama ilimtafuta aliyeumizwa, ikamsikiliza, ikasoma jalada la mahakama, au iliridhika na kijana kusema samahani.

Cha pili ninachokitazama ni watu watakaomzunguka. Beki Tyrann Mathieu alifukuzwa timu ya chuo cha LSU, jimbo la Louisiana, Agosti 2012 kwa mambo ya dawa za kulevya, akakosa msimu mzima. Timu ya Arizona wakamchukua raundi ya tatu ya drafti, chaguo la 69, na mle ndani alikuwemo Patrick Peterson, waliyecheza naye chuoni, mtu wa kumwambia ukweli. Mathieu akawa nyota, akabeba kombe la NFL na timu ya Kansas City Februari 2020. Timu isiyo na mtu wa namna hiyo, yenye kocha anayejua atafukuzwa Desemba, isimguse kijana anayehitaji kulelewa.

Na ukiulizwa wewe, ukiwa mwalimu, jirani au mfua jezi, usijibu kwa jinsi anavyokusalimia wewe. Uliza anavyomtendea mtu asiyeweza kumpa wala kumnyima kitu, hasa pale anapodhani hakuna anayemwona. Useme ulichokiona kwa macho, uvumi uuache.

Skauti yule angerudi leo ningemwambia kijana aliufunga mfuko wake vizuri kila jioni kwa miaka mitatu. Kisha ningemwambia habari ya kile kiatu.