Kwa mliokabidhiwa mafaili ya vikundi vya fidia New York

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye ofisi za uhasibu na bima hapa jimbo la New York, ipo siku mtaletewa faili la mwajiri mdogo, mwenye malori matatu au wakala wa wahudumu wa wazee, anayelalamika kwamba anadaiwa fidia za watu asiowajua, walioumia kwenye kampuni zisizo zake, miaka mingi iliyopita. Msikimbilie kumwambia amebambikiwa. Mara nyingi deni ni lake kweli.

Mwajiri hapa lazima awe na kinga ya fidia kwa wafanyakazi wake wanaoumia kazini. Anaweza kununua bima kwenye kampuni binafsi au kwenye mfuko wa jimbo, NYSIF, ulioanza mwaka 1914. Akiwa tajiri sana anaruhusiwa kujibebea mwenyewe, yaani kuwalipa majeruhi wake kwa fedha zake bila bima. Wadogo nao walifunguliwa mlango wao: waajiri wa shughuli moja wanaungana, wanachangia mfuko mmoja, wanaajiri msimamizi, na mfuko ndio unaowalipa majeruhi wao. Kuanzia miaka ya 1990 mlango huo ulijaa watu, maana michango ilikuwa nafuu kuliko bima ya kawaida.

Mliotoka Tanzania mmezoea WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: mwajiri akishachangia, mzigo ni wa mfuko. Huku sivyo. Mwanachama wa kikundi alitia saini kuwajibika pamoja na wenzake na pia peke yake. Kwenye upatu mwenzako akitoroka unapoteza zamu yako. Hapa wenzako wakifilisika, wewe uliyebaki unaweza kudaiwa na sehemu yao. Nimeona wenye biashara waliosoma ukurasa wa bei tu, na sishangai, kwa sababu ukurasa huo ndio uliowekwa mbele.

Vingi vya vikundi hivi vilianguka. Kwa nini? Hapa kaeni kidogo, maana ndipo kazi yenu ilipo. Majeruhi wa mgongo hamalizani na mfuko mwaka aliodondoka. Anaweza kuhitaji daktari, dawa na sehemu ya mshahara kwa miaka ishirini au zaidi. Kwa hiyo mfuko hautakiwi kuhesabu alicholipwa leo tu, unatakiwa kutenga akiba ya yote atakayolipwa. Akiba hiyo ni makadirio ya mtakwimu bima, mtaalamu wa kukokotoa gharama za madai ya miaka ijayo, na makadirio yakishushwa kidogo tu, mfuko wenye shimo unaonekana una ziada. Ziada ya karatasi ikiruhusu michango ishuke, wanachama wanaongezeka, na msimamizi anayelipwa kwa kadiri ya michango inayoingia hana haraka ya kupiga kelele. Ilipofika 2008 hesabu hizo zilikataa. Msimamizi aliyetajwa zaidi ni Compensation Risk Managers ya Poughkeepsie, ambayo baadaye Bodi ya Fidia, chombo cha jimbo kinachosimamia fidia hizi, iliipeleka mahakamani.

Majeruhi hakosi haki yake kwa sababu mfuko umekufa. Bodi ilichukua madai, ikalipa, kisha ikawageukia wanachama. Sehemu ya pengo ilitupiwa hata waajiri wakubwa waliojibebea wenyewe bila kasoro, nao wakaenda mahakamani. Sheria ya 2011 ikazuia vikundi vipya na kuvilazimisha vingi vya zamani kufunga. Mwaka 2013 ikaja sheria nyingine iliyoruhusu hati fungani za hadi dola milioni 900, zikitolewa na mamlaka ya jimbo ambayo kwa jina lake ni ya mabweni ya wanafunzi (msicheke, ndivyo jimbo hili linavyokopa). Hati fungani hizo zilileta fedha za kubeba madai. Hazikumfutia mwanachama deni lake.

Sasa faili likiwa mezani, anza na tarehe, usianze na kiasi. Mteja aliingia lini, alitoka lini? Kutoka hakufuti miaka aliyokuwa ndani. Tafuta mkataba wenye saini yake, kisha vyeti vinavyoonyesha kinga aliyokuwa nayo: GSI-105.2 ni cha kikundi, C-105.2 ni cha kampuni ya bima, na wateja huvichanganya kila siku. Mwaka wenye C-105.2 halali usiruhusu uingizwe kwenye mgao wa kikundi, yaani sehemu ya deni anayotozwa. Angalia pia kama kampuni ilibadili jina au kuuzwa katikati. Baada ya hapo ndipo ukague namna mgao wake ulivyopigwa, na kama bado hajalipa, uliza kuhusu malipo ya awamu kabla riba haijapanda.

Majimbo mengine yana sheria zao, na yapo ambayo bado yanaruhusu vikundi hivi. Mteja mwenye tawi nje ya New York akikuletea ofa ya namna hiyo, weka broshua pembeni. Omba ripoti za mtakwimu bima za miaka kadhaa mfululizo, ukaangalie madai ya mwaka uleule yalivyokadiriwa kila ripoti mpya ilipotoka. Yakipanda kila mara, mteja wako anaalikwa kulipia jana.