Wanaakiolojia wakija kijijini, ulizeni kwanza vitu vitatunzwa wapi

Ndugu zangu wa pwani, hasa nyinyi mlio kwenye serikali za vijiji vyenye magofu: ikija barua ya kuomba kuchimba, msikimbilie kuuliza vibarua watalipwa shilingi ngapi. Ulizeni vitakavyotoka ardhini vitakaa wapi. Kijijini kwetu vibarua walilipwa, vigae na shanga vikafungwa kwenye mifuko vikapelekwa mjini, na leo mtoto wa pale hana hata kimoja cha kuonyeshwa.

Nilipohamia jimbo la Washington, Marekani, nilikwenda Neah Bay kwa Wamakah, kabila la wenyeji wa asili wa huko, wavuvi na wawindaji wa nyangumi tangu enzi. Sehemu ya kijiji chao cha Ozette ilifukiwa na maporomoko ya tope karne kadhaa zilizopita. Mwaka 1970 dhoruba ilimega ufuo, mbao za nyumba zikachomoza, wapita njia wakaanza kujiokotea. Mwenyekiti wa baraza lao, Ed Claplanhoo, ndiye aliyempigia simu mwanaakiolojia Richard Daugherty wa Chuo Kikuu cha Washington State. Zingatieni hapo: aliyeita ni mwenyeji. Walichimba kwa mipira ya maji, maana mbao zilizolowa miaka yote hiyo zingechanika kwa sururu. Kazi ilikwenda hadi 1981, vikatoka vitu zaidi ya 55,000, vikabaki kwao. Jumba lao la makumbusho lilifunguliwa 1979.

Nilisimama kitambo mbele ya pezi la nyangumi lililochongwa kwa mwerezi na kunakshiwa kwa meno zaidi ya 700 ya fisi-maji. Ila faida kubwa naiona ghalani, ambako vitu vimepangwa kwa kufuata lugha yao, Kimakah, baada ya wazee kukaa na vijana wakavitaja kimoja kimoja. Lugha na makumbusho vikalelewa pamoja.

Basi andikianeni kabla ya jembe la kwanza: nani atalipia chumba, umeme na mlinzi, vijana gani watafundishwa kusafisha na kuorodhesha, si kubeba udongo tu, nakala za picha na ripoti, kwa Kiswahili, zitafika lini. Vigae havina makuu, chumba kikavu cha shule chenye rafu, daftari na kufuli kinatosha kuanzia. Mbao na chuma ni vya fundi, msivipokee bila yeye, vitaoza mikononi mwenu. Kwa Tanzania Bara kibali cha kuchimba hutoka Idara ya Mambo ya Kale, kwa hiyo pelekeni ombi lenu huko mapema, mkipitia kwa afisa utamaduni wa wilaya, kabla wageni hawajafunga safari.