Nazi Haivunwi

Msomaji anayejifunza Kiingereza cha kilimo ameniuliza: "Kitabu changu kinasema 'harvest' ni kuvuna. Je, nitafsiri hivyo kila mahali: kuvuna mpunga, kuvuna chai, kuvuna muhogo, kuvuna nazi?"

Ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza huna shida. "Harvest" inayabeba mazao yote hayo. Asili yake ni "hærfest" ya Kiingereza cha kale, jina la majira ya kupukutika majani, na Wajerumani mpaka leo majira hayo wanayaita "Herbst". Shida ni safari ya kurudi. Mpunga tunavuna, sawa. Chai tunachuma, kama kahawa na pamba. Muhogo tunang'oa. Miwa tunakata.

Na nazi? Hiyo "kuvuna nazi" nimeisoma kwenye taarifa za habari, kwenye vipeperushi vya kilimo, hata kwenye daftari za watoto, na kila nikiiona damu inanichemka. Nazi huanguliwa! Mtazame mkwezi. Kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, amekwishafika kwenye makuti. Anaigonga nazi kwa kidole asikilize kama imekomaa, anaizungusha mpaka kikonyo kinakatika, anaiachia. Chini inasikika puu! Kitenzi angua kimekusanya yote hayo: mti mrefu, mtu aliye juu, kitu kinachoshuka kwa kishindo. Ukisema anavuna, umemteremsha mnazini ukampa mundu akainame shambani. Tena huyo mkwezi, kabla hajagusa kitu, anajua kilichoko mbele yake ni kidaka, kitale, dafu, koroma au nazi, majina ya tunda hilo hilo toka changa hadi lililokomaa. Kiingereza kinaviita vyote "coconut", kisha kinaongeza sifa pale inapobidi. Mwenye lugha yenye majina matano na kitenzi maalumu, anayaacha kwa sababu orodha ya msamiati ilikuwa na safu mbili tu? Siwezi kulivumilia hilo.

Mtego uo huo umo kwenye kitenzi "shell", yaani kutoa punje kwenye gunzi au kiini kwenye ganda. Mahindi hupukuchuliwa, karanga humenywa, korosho hubanguliwa, na aliyewahi kuunguzwa vidole na mafuta ya ganda la korosho hawezi kukuambia ameimenya. "Thresh" ni kupura, "winnow" ni kupepeta, hapo usihangaike. Kwenye daftari lako usiandike "harvest" peke yake. Iandike pamoja na zao, na mbele ya kila zao weka kitenzi chake.

"Kuvuna maji ya mvua" nimeacha kuipinga. Zamani tulisema kukinga, na kwa ndoo iliyowekwa chini ya mchirizi bado nasema hivyo. Lakini mifereji, mabomba na matangi ya lita elfu kumi ni kazi nyingine, na kwa kazi hiyo kuvuna nakukubali, shingo upande.