Maumivu yaliyokwisha kwa siku tatu si mfupa uliopona

Swali: Mama yangu ana miaka 64. Aliteleza mlangoni pa jikoni akavunjika mkono karibu na kifundo. Plasta ilipotolewa, mgongo ukaanza kumuuma, na jirani akamletea unga wa mitishamba kutoka soko la Gikomba. Siku ya tatu maumivu yaliisha. Sasa ni mwezi wa pili, na uso wake umevimba kidogo. Je, mifupa inajengeka? (Msomaji, Kayole)

Jibu: Hapana, na uso huo unanitia wasiwasi kuliko mkono wenyewe. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya maisha yote: seli za kubomoa huchimba kishimo kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha seli za kujenga hukijaza polepole kwa miezi mitatu au zaidi. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikizidhibiti seli za kubomoa hupungua, vishimo vikawa vingi kuliko vinavyoweza kujazwa. Hasara hiyo haiumi. Huendelea kimya kwa miaka, hadi mtu anapoanguka akiwa amesimama tu na kuvunjika mkono, pingili ya mgongo au, baya zaidi, nyonga.

Ikiwa kishimo kimoja huhitaji miezi kujazwa, muuzaji anayeahidi mifupa mipya kwa siku tatu anawadanganya watu, nami nimechoka kuwapokea wagonjwa wake. Baadhi ya unga wa aina hiyo huchanganywa na steroidi, ambayo hutuliza maumivu upesi, huvimbisha uso, na wakati huohuo hudhoofisha seli za kujenga. Mfupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuitumia. Ndiyo maana mtu husifu dawa ileile inayommaliza. Hata supu ya mifupa na vidonge vya kalisiamu, ambavyo havina ubaya huo, haviwezi peke yake kusimamisha ubomoaji uliokwisha kushika kasi.

Mama asiuache unga huo ghafla, kwa kuwa ikiwa una steroidi, tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, huenda zimelala, na kuacha kwa ghafla kunaweza kumwangusha kwa udhaifu mkubwa na shinikizo la damu kushuka. Mpeleke hospitali wiki hii apigwe eksirei ya mgongo, apimwe sukari, kalisiamu na vitamini D, kisha daktari aamue kuhusu dawa za kuzuia ubomoaji. Mbebeeni daktari kopo la unga huo, hata likiwa limebaki tupu.